Nilichokifunga kwa Mkono Wangu

Walimleta juu ya mlango,
mlango wa bafu, wa mabati, bawaba zikining'inia,
watu wanne, pembe nne, katikati Odira,
miaka kumi na mmoja, ganda la muwa bado mdomoni.
Alikuwa akichomoa miwa kwenye trela ya kiwanda
pale kona ya reli, Muhoroni, trekta zinapopunguza mwendo.
Watoto wote wa mtaa wanaijua hesabu hiyo.
Leo ilikataa.

Mguu ulipinda mahali ambapo mguu haupindi.
Mamake akapiga yowe. Mimi sikuutazama kwanza.
Jeraha linalopiga kelele lisikunyang'anye macho:
kifua, kinapanda? Damu, inakwenda wapi?
Ndipo ushuke, ukate suruali kwa makasi,
hata kama ni ya shule,
hata kama ni moja tu.

Vidole viwili juu ya wayo, nikatafuta mpigo
kama mtu anayetafuta stesheni ya mbali redioni.
Ukaja. Dhaifu, lakini ukaja.
Nikabonyeza ukucha: mweupe; moja, mbili; damu ikarudi.
"Tikisa vidole." Akatikisa.
"Nakugusa wapi?"
"Hapo kati ya kidole gumba na jirani yake."
Jirani yake. Niliandika hivyohivyo kwenye faili.

Tukauvuta, Sista Jebiwott gotini, mimi kisiginoni,
dawa imeshamlegeza ulimi, anataja trekta kwa namba zake,
na mfupa ukarudi ukikwaruza
kama changarawe chini ya lango.
Pamba. Bandeji majini. Zungusha, lainisha
kwa kiganja, si kwa kidole; kidole huacha shimo
na shimo huzaa kidonda.
Kazi safi. Plasta iling'aa kama yai. Nilijisifu.
Mamake akalipa kwa noti zilizonuka omena.

Saa nane usiku nikaitwa.
Mtoto halii. Anauma shuka.
Sindano mbili hazijamfikia.
Nikashika kidole gumba, nikakiinua kidogo, kidogo tu,
akatoa sauti ambayo sitaiandika.
Mpigo ulikuwepo! Lakini anayesikiliza mpigo peke yake hudanganywa:
nyama huweza kuvimba ndani ya ala yake
kama unga wa mandazi uliosahauliwa chini ya kifuniko,
ikajinyonga, huku mshipa mkubwa
ukipita na safari zake.

"Leta msumeno."
Mama akasimama kati yangu na kitanda.
"Hiyo nimelipia. Umeifunga mchana, unaivunja usiku?
Kumbe ulikuwa unajifunzia kwa mwanangu?"
Sikuwa na jibu la heshima.
Nikapita ubavuni mwake.
Nikapasua toka juu hadi chini, plasta, kisha pamba,
hadi uzi wa mwisho, hadi ngozi,
maana uzi mmoja uliobaki ni plasta nzima.

Ambulensi iliondoka saa tisa na robo kwenda Kisumu,
mguu umelazwa usawa wa moyo, si juu, si chini.
Kwenye barua niliandika saa ya kuumia, saa ya kufunga,
saa ya kupasua.
Na jina langu, waziwazi.

Kule walimfungua pande mbili, wakaacha nyama ipumue siku tano.
Sasa anatembea, anayumba kidogo,
na kovu lake anawatoza wenzake peremende kulitazama.
Jumanne alikuja kliniki. Nikabonyeza ukucha, mazoea tu:
moja, mbili.
Mamake alibaki mlangoni. Hajanisalimia bado.

Nusu ya ile plasta ninayo kabatini.
Juzi niliigeuza, nikaona upande wa ndani
shimo dogo, la kidole gumba.
Nikakiingiza changu. Kikatosha.
Si hilo lililofanya, najua, daktari wa Kisumu pia alisema.
Najua.
Naligusa tu kabla ya kuloweka bandeji ya mgonjwa mwingine.